Mita Nne Kushoto

Jumatatu asubuhi ukumbi wa ofisi ya mradi wa reli ya mjini ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Mmoja vumbi lilikuwa limemharibia nguo alizoanika, mwingine njia ya kwenda kwake ilikuwa imefungwa tangu mwezi uliopita, na mzee mmoja alishika jiwe lililofungwa kwenye gazeti, jiwe lililoruka kutoka kwenye mtambo likatua sebuleni kwake. Kila mtu alikuwa na namba ya foleni na alisubiri kuitwa dirisha la pili.

Kwenye dirisha hilo alikaa mwanamke wa miaka thelathini na minne, gauni la kijivu lililonyooshwa kwa pasi, skafu ya bluu, sauti isiyopanda wala kushuka. Wenzake walimwita Bi Risiti, kwa sababu kila aliyefika kwake, hata aliyekuja kutukana tu, aliondoka na karatasi yenye mhuri. Wakuu walisema ana moyo wa chuma. Yeye hakuwa na uhakika kama ana moyo wa kitu chochote. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, baada ya yeye kumuuguza miaka minne. Siku ya mazishi mdogo wake alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Yeye alikuwa anahesabu viti. Alisubiri machozi wiki nzima, kisha mwezi. Hayakuja, na baada ya hapo hakikuja kingine. Alikula, alilala, alifika kazini saa mbili kasoro robo. Ukiulalia mkono unakufa ganzi. Yeye aliona kama ameulalia mwili mzima.

"Namba hamsini na tatu!" aliita.

Hakuna aliyekuja.

"Hamsini na tatu!"

Katikati ya ukumbi watu walikuwa wamefanya duara. Ndani yake mwanaume mmoja mwenye aproni ya ngozi alikuwa amepiga goti, anashona kiatu cha mama mmoja kilichoachia soli pale pale kwenye foleni. Uzi alikuwa ameushika kwa meno.

"Fundi, na changu!" mtu alipiga kelele.

"Fundi, si wewe hamsini na tatu?"

Akainuka, akakata uzi, akaja mbio hadi dirishani akijifuta mikono.

"Samahani dada, nilikuwa kazini."

"Lalamiko lako."

"Ukuta wangu una ufa. Umeanza tangu mlipoanza kugongelea nguzo zenu. Nina karakana ya viatu, chini. Juu naishi na mama."

"Ufa una upana gani?"

"Wiki iliyopita ulikuwa unaingia unywele. Leo unaingia hii." Akamwonyesha sindano nene ya kushonea ngozi.

Bi Risiti akaandika.

"Umeandika sindano?"

"Umesema sindano."

"Ningesema unaingia mlango?"

"Ningeandika mlango. Halafu ningekuja kuupima."

Fundi akacheka. Bi Risiti hakucheka, ila aliinuka kuchukua mhuri kwenye meza ya nyuma, na viatu vyake vikapiga sakafu, pa, pa, pa.

"Dada, viatu hivyo vimekuzidi namba nzima," fundi alisema. "Nasikia kisigino kinavyotoka."

"Ni vya marehemu mama."

Fundi akavitazama tena viatu. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika. "Basi usiviache," alisema kwa sauti ya chini. "Niletee nivitie soli ya ndani, vikushike mguu."

Bi Risiti akampa risiti. "Tutakuja kuupima ufa Alhamisi."

"Mtakuja akina nani?"

"Mimi."

"Hapo sina lalamiko."

*

Alhamisi alikuja kweli, na kipande cha kioo na saruji kidogo kwenye kopo. Alikibandika kioo juu ya ufa, upande mmoja hadi mwingine. Ukuta ukizidi kufunguka, kioo kingepasuka. Kisha akaandika tarehe kwa penseli.

Karakana ilinuka gundi na ngozi mbichi. Rafu zilifika darini, zimejaa miguu ya mbao: mifupi, mipana, iliyopinda, mmoja wenye vidole vitatu. Fundi alitengeneza viatu vya watu ambao viatu vya dukani viliwakataa, waliozaliwa na mguu mmoja mfupi, walioungua, waliokatwa vidole kwa ugonjwa wa sukari. Kila mteja alikuwa na kalibu zake mbili, miguu ya mbao ya kuundia viatu, zenye jina lake kwa wino.

"Shikamoo mama," Bi Risiti alimsalimia bibi aliyekaa mlangoni akiwa na kikombe cha chai.

"Marahaba. Wewe ndiye wa reli?"

"Ndiye mimi."

"Mtambo wenu unaniamsha saa moja. Mwambie aliyeununua kwamba simsamehi."

"Nitaandika, mama."

Na akaandika. Mama wa fundi alimtazama, akamtazama mwanawe, akamimina kikombe cha pili.

Toka siku hiyo kila Alhamisi ilikuwa hivyo. Alipima ufa, akanywa chai, akakaa. Wiki ya tatu fundi alimketisha kwenye kigoda, akaweka mguu wake juu ya karatasi ya kaki na kuuzungushia penseli.

"Nataka nikutengenezee vya kwako mwenyewe," alisema. "Vya rangi nyekundu iliyoiva. Nikikubonyeza hapa, unahisi?"

"Nahisi mkono."

"Una joto?"

"Una joto."

"Basi?"

"Basi."

Bi Risiti akamweleza, bila kuficha, kama anavyosoma fomu: mama, viti, machozi yasiyokuja. "Kwa hiyo ukiniona nimekaa hapa usidhani kuna kitu ninachokifurahia sana. Sijui kama ninafurahia. Najua tu kwamba Alhamisi ikifika nakuja."

Fundi aliendelea kuchora. "Nusu ya wateja wangu hawahisi vidole vyao," alisema. "Wanatembea."

Simu zikaanza. Fundi alipiga saa saba mchana, wakati wa chakula.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sikumbuki."

"Laazizi wangu, ni nusu saa tu imepita!"

"Kilikuwa kwenye sahani."

"Sawa. Nakupenda."

"Asante."

"Asante watu wanasema wakipishwa njia."

"Sijui niseme nini."

"Usihangaike, nitasema zamu zote mbili. Nakupenda, fundi wangu mtanashati. Nami nakupenda pia, Bi Risiti. Umeona? Kazi imekwisha."

Karani wa dirisha la kwanza, mwenye masikio marefu, aligeuka. "Nani huyo anayekuchekesha?"

"Sijacheka," Bi Risiti alisema. Ni kweli hakuwa amecheka. Lakini simu aliishika mkononi dakika mbili zaidi baada ya kukatika.

*

Ijumaa moja mkuu wa kitengo aliwaita wote chumba cha mikutano na kufungua ramani mpya juu ya meza. Wahandisi walikuwa wamechimba wakakutana na bomba kuu la maji, la zamani, ambalo halikuwepo kwenye mchoro wowote. Lilipita pale pale nguzo zilipopangwa kusimama. Kulihamisha bomba kungekata maji nusu ya mji kwa miezi.

"Kwa hiyo tunahamisha reli," mkuu alisema. "Mita nne kushoto."

Kushoto kulikuwa na majengo kumi na moja. Bi Risiti aliyahesabu kwa ncha ya kalamu. La saba lilikuwa karakana ya viatu.

"Wenyewe wataandikiwa barua zikiwa tayari. Mpaka hapo, neno halitoki humu. Kila mmoja atasaini hapa. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Bi Risiti alisaini.

Alhamisi iliyofuata fundi alimpokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, macho yanang'aa.

"Nina habari. Daktari wa mifupa ameniwekea chumba hospitalini, kwenye korido ya wagonjwa wa nje. Wateja wangu wote wanatokea kule! Ila anataka jibu Jumamosi, kuna mtu wa kuuza miwani anakitaka pia." Akashusha sauti, kwa sababu mama yake alikuwa juu ngazini. "Tatizo ni mama. Baba alianzia kazi hapa, mama hataki kusikia habari ya kuhama. Nami nikiwaza, reli ikipita hapa mbele na kituo kiko jirani, wateja watafika kwa urahisi. Wewe uko ndani, mpenzi. Niambie. Nibaki?"

Bi Risiti alikuwa na penseli mkononi. Kwenye mkoba alikuwa na ramani, ile ya zamani.

"Kwenye ramani niliyonayo," alisema, "reli inapita barabarani, nje ya ukuta wako."

"Kwa hiyo nibaki?"

"Fanya unavyoona."

Akaenda ukutani. Kioo kilikuwa kizima. Akaandika tarehe, akanywa chai, akarudi kwake, akala, akalala. Asubuhi alipoamka ndipo alipojiogopa kidogo, kwa kuwa alikuwa amelala usiku mzima bila kugeuka.

*

Barua zilifika Jumanne. Saa mbili baadaye wapimaji walipita na rangi nyekundu, wakaandika namba kwenye kuta kumi na moja.

Fundi hakupiga simu. Alikuja ukumbini, akachukua namba, akakaa kwenye benchi kama watu wengine. Aliitwa saa sita. Alikuwa bado na aproni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, juu ya mbao za dirisha. "Kwa hiyo Alhamisi ulijua."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza nibaki au niende. Nilikuuliza ukiwa umesimama mbele yangu. Nafasi ya hospitali ameichukua mtu wa miwani Jumamosi mchana."

"Nilikuwa nimesaini nisiseme."

"Ungeniambia 'nenda', basi. Neno moja. Nisingekuuliza kwa nini." Sauti yake ilianza kupasuka. "Ukaenda ukapima ufa! Ukuta unaojua utavunjwa, ukaupima, ukaandika na tarehe!"

"Ni utaratibu."

"Na mimi nilikuwa utaratibu? Hizo Alhamisi zote?"

Bi Risiti alitafuta ndani yake kitu cha kumjibu, akatafuta kweli, kama mtu anayepapasa swichi ukutani gizani. Hakukipata. Mikono ikafanya ilichozoea: ikavuta karatasi, ikaandika namba, ikagonga mhuri, ikaisukuma risiti chini ya kioo.

Fundi aliitazama ile karatasi. Hakuigusa. Akageuka, watu wakampisha, akatoka.

"Hamsini na nane," Bi Risiti aliita.

*

Mdogo wake alimpigia Jumapili.

"Dada, nimesikia. Umelia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimejaribu. Nimekaa kitandani nikajaribu."

"Unampenda huyo mwanaume?"

"Sijui. Alhamisi nilivaa nikatoka, nikafika kituoni ndipo nikakumbuka siendi popote."

"Sikiliza. Wewe mama ulimwogesha miaka minne. Mimi nililia siku moja, nikasifiwa. Kama hulii, hulii. Lakini inuka ufanye kitu, dada, usikae tu kama sanduku."

Jumatatu Bi Risiti alifika saa mbili kasoro robo kama kawaida. Kabla milango haijafunguliwa alichukua fomu ya malalamiko, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, akaenda kusimama mbele ya dirisha la kwanza.

"Unafanya nini?" karani mwenzake aliuliza.

"Ninaleta lalamiko."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yangu. Soma, ugonge mhuri."

Karani alisoma, mdomo wazi. Ilikuwa mistari michache: *Mkazi wa jengo la saba aliniuliza kama abaki kwenye nyumba yake. Nilijua kwamba reli itaigusa. Nilimjibu kwa ramani ya zamani. Kwa jibu langu alikataa nafasi nyingine ya kazi na akaikosa. Ninaomba ofisi impe nafasi badala ya hiyo, karibu na hospitali, kwa sababu wateja wake hawawezi kutembea mbali.*

Saa nne mkuu wa kitengo alimwita ofisini.

"Ifute hii."

"Imegongwa mhuri."

"Unajua ikifika kwenye kamati utaondolewa dirishani?"

"Najua."

"Umekasirika? Kuna mtu amekuudhi hapa?"

"Hapana, bosi. Sijakasirika." Alifikiri kidogo ili amjibu sawasawa. "Ni kwamba ilitokea hivyo."

Kamati ilikaa wiki sita. Bi Risiti aliondolewa dirishani, akapelekwa kwenye uwanja wa ujenzi, getini, kugawa kofia ngumu na vizibao vya kuakisi mwanga. Hakuna aliyemwambia uamuzi wa pili, ule wa nafasi ya fundi.

Uamuzi huo ulifika karakana kwa barua. Fundi alikuwa anafunga kalibu kwenye magunia. Mama yake alikuwa amekaa juu ya gunia moja kuhakikisha haliondoki.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

"Wametupa chumba cha mbele cha ghala lao, nyuma ya hospitali. Kuna na vyumba viwili vya kuishi." Akageuza ukurasa. Nyuma ilikuwa nakala ya fomu. Alianza kuisoma kwa sauti, akaimaliza kimyakimya.

"Mbona umenyamaza?"

"Alijishtaki mwenyewe, mama. Wamemtoa dirishani."

Mama wa fundi alikunywa chai. "Na wewe umekaa karibu miezi miwili unapiga misumari kana kwamba imekutukana."

"Nilidhani alikuwa ananichezea."

"Yule? Yule hajui kucheza hata kidogo. Ndiyo maana nampenda, hachekicheki ovyo nyumbani kwa watu." Akainuka kutoka kwenye gunia, jambo ambalo kwa wiki mbili alikuwa amekataa kulifanya. "Beba hili. Kisha uoge."

*

Fundi alimkuta getini saa saba mchana. Jua lilikuwa kali, mataruma yamepangwa kwenye kokoto hadi mbali, na vyuma viwili vya reli juu yake viling'aa. Bi Risiti alikuwa na kizibao cha rangi ya chungwa kilichompwaya na daftari kifuani.

"Saini hapa," alisema kabla hajainua macho. Kisha akainua. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Bila kofia huingii."

"Nipe kofia."

Akampa. Ilikuwa ndogo, ikamkaa juu ya kichwa kama sufuria. Wafanyakazi wawili waliokuwa wakila kivulini walicheka, naye fundi akawainamia kama mtu aliyevishwa taji.

"Nimeisoma fomu yako," alisema.

"Makosa ya maandishi yalikuwepo?"

"Hakukuwa na kosa." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukunipigia?"

"Ningesema nini? Ungeniuliza kama naumia. Ningekwambia siumii. Ungeumia wewe."

"Na sasa hivi? Huumii?"

Alifikiri. Nyuma yake mtambo ulikuwa unashusha chuma, wanaume wanapiga kelele za kuelekezana. "Nina kitu hapa," alisema, akagusa chini ya koo. "Sijui kinaitwaje. Kilianza wiki ya pili. Nilidhani ni vumbi."

Fundi alitaka kucheka na alitaka kulia, vyote viwili vikamkwama. Akavua kofia, akairudisha kichwani, hakujua pa kuweka mikono. "Mimi nilikuwa na hasira sana," alisema. "Nilikuita majina mabaya, peke yangu, usiku na mchana. Nisamehe."

"Mengine yalikuwa sahihi."

"Nisamehe hivyo hivyo."

"Nimekusamehe. Na wewe?"

"Nilikusamehe tangu nilipoona umeandika 'hawawezi kutembea mbali'. Sikukuomba uandike hivyo. Wewe ulikuwa umewaangalia wateja wangu."

Honi ikapigwa. Wakasogea kando, gari la mizigo likapita na kokoto, wakabaki wamesimama karibu zaidi, bega kwa bega, wote wawili na vumbi usoni.

"Nataka kukuoa," fundi alisema, akiitazama reli. "Sijaja na pete. Nimekuja na mikono hii tu, na mama amesema nioge, nimeoga. Sikuombi uwe na furaha. Sikuombi ulie. Ukikaa kwangu miaka ishirini bila kuhisi kitu, utakaa. Nitasema zamu zote mbili. Utanikubali?"

Fundi alihesabu mataruma kumi na sita.

"Uniulize tena kesho," Bi Risiti alisema hatimaye.

Uso wa fundi ulianguka. "Unataka kufikiri?"

"Hapana. Nataka kuisikia tena." Akashtuka kidogo mwenyewe, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa upande asioutazamia. Alikuwa hajataka kitu kwa muda mrefu, na sasa alikuwa anataka, kwa saa kamili na kwa mahali. "Saa hii hii. Hapa getini. Unaweza?"

"Naweza."

Alikuja kesho yake, akauliza. Bi Risiti akamwambia aje tena. Akaja siku ya tatu, shati lile jeupe, akasaini daftari, akavaa kofia ndogo, akafungua mdomo.

"Ndiyo," Bi Risiti alisema.

"Sijauliza bado!"

"Basi uliza," alisema, na akaweka daftari chini ili amsikilize.